Safari ya Bibi Benz na Wanawe Wawili

Mzazi ye yote aliyepata kuwachukua watoto wake kwa motokaa kwenda kumwamkia nyanya yao shambani anajua kwamba safari ya namna hiyo si jambo dogo. Kabla ya kuondoka maji hutiwa katika rejeta, gurudumu la akiba hutazamwa, na watoto hugombea kiti cha mbele. Njiani mmoja huona njaa, mwingine hutapika, na penye mlima injini huchemka, hata baba hana budi kusimamisha gari ili lipoe. Wakifika jioni, wamejaa vumbi na kuchoka. Lakini safari kama hiyo ndiyo inayosimuliwa nyumbani miaka mingi baadaye, wala si zile zilizokwenda salama bila la kusema.

Ni watu wachache wanaofahamu kwamba safari ndefu ya kwanza ya motokaa duniani ilikuwa ya namna hii hii. Haikufanywa na jemadari, wala mwana wa mfalme, wala tajiri aliyetaka kushinda kikombe. Ilifanywa na mama mmoja wa Ujerumani pamoja na wanawe wawili, wakati wa likizo ya shule, katika mwezi wa Agosti 1888. Walitoka mji wa Mannheim kwenda Pforzheim, mji wa kwao mama, mwendo wa maili 65 hivi, ambao ni kama kutoka Nairobi hata kuupita mji wa Naivasha kidogo. Jina la mama huyo ni Bertha Benz.

Jina la Benz linajulikana katika kila nchi yenye barabara. Watu wakilisikia humkumbuka mume, Bwana Carl Benz, fundi aliyetengeneza gari la kwenda kwa petroli na kuiomba serikali hati ya kulinda uvumbuzi wake tarehe 29 Januari 1886. Jina la mkewe halikuandikwa katika hati ile. Hata hivyo, mtu akitaka kujua jinsi gari lile lilivyotoka katika karakana na kuingia katika maisha ya watu, hana budi kufuata habari za mama huyu.

BINTI WA SEREMALA

Bertha alizaliwa Pforzheim tarehe 3 Mei 1849. Baba yake, Bwana Ringer, alikuwa seremala na mjenzi mwenye mali. Inasimuliwa kwamba siku moja msichana huyo alifungua Biblia ya nyumbani, ambamo siku za kuzaliwa watoto ziliandikwa, akakuta kwamba siku yake imetiwa maneno ya masikitiko, kwa kuwa amezaliwa tena mtoto wa kike. Msomaji mwenye mabinti ataelewa jinsi maneno machache ya namna hiyo yanavyoweza kukaa moyoni mwa mtoto. Kuna wanaovunjika moyo kwa maneno kama hayo, na kuna wanaoishi maisha yao yote wakiyajibu. Bertha alikuwa katika hao wa pili.

Alipokuwa kijana alichumbiwa na Carl Benz, mtoto wa mjane, mwenye elimu kubwa ya mitambo lakini asiye na fedha. Mwaka 1871 Carl na mshirika wake walianzisha karakana ndogo katika mji wa Mannheim. Haukupita muda mrefu mshirika huyo akawa mzigo, na kazi yote ikawa karibu kuanguka.

Hapa yafaa kueleza desturi ya nchi ile. Kwetu mahari hutoka upande wa mume kwenda kwa wazee wa mke. Kwao, zamani zile, mali ilitoka kwa baba wa bibi arusi, ili binti aingie katika nyumba yake mpya hali ana kitu mkononi. Bertha hakungoja siku ya arusi. Alimwomba baba yake ampe sehemu ya mali hiyo mapema, akaitoa ili kumlipa yule mshirika aondoke. Hivyo karakana ikabaki mikononi mwa Carl peke yake. Arusi yao ilifanywa tarehe 20 Julai 1872. Kwa sheria za wakati ule, mke akiisha kuolewa hakuwa na sauti juu ya mali hiyo. Basi Bertha alikuwa ameweka akiba yake yote juu ya kichwa cha mtu mmoja, na hakuwa na njia ya kuidai tena.

USIKU WA KUAMKIA MWAKA MPYA

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Watoto walizaliwa: Eugen mwaka 1873, Richard mwaka 1874, na Clara mwaka 1877. Chakula cha watoto watatu kilitakiwa kila siku, na wenye kudai nao hawakuacha kubisha hodi. Carl alikuwa na fikira moja tu kichwani: kutengeneza injini ndogo iendeshwayo kwa gesi, ambayo siku moja ingeweza kuvuta gari pasipo farasi. Alifunga, akafungua, akafunga tena, na injini ikakataa kunguruma.

Siku ya mwisho ya mwaka 1879, baada ya chakula cha jioni, Bertha ndiye aliyesema kwamba yafaa warudi karakanani wajaribu mara moja tena. Mtu mwingine angalisema kwamba leo ni sikukuu, tuyaache hayo. Wakaenda wote wawili. Carl akazungusha gurudumu, na safari hii injini ikashika, ikaendelea kupiga kwa mpigo mmoja usiokatika. Walisimama wakaisikiliza kwa muda mrefu, bila kuchoka, kama wazazi wanaosikiliza pumzi za mtoto aliyepona homa. Wakati ule ule kengele za mji zikaanza kulia kuukaribisha mwaka mpya. Habari hizi Carl mwenyewe aliziandika katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1925, alipokuwa mzee.

Baada ya hapo ilichukua miaka sita kabla ya gari lenyewe kuwa tayari. Tarehe 3 Julai 1886 Carl alilitoa mbele ya watu katika barabara ya Mannheim. Eugen, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alikimbia kando ya gari akiwa na chupa ya petroli mkononi, ili kuongeza kila ilipopungua. Basi, kabla dunia haijapata kuwa na kituo cha petroli, kazi ya kituo hicho ilifanywa na mtoto wa shule mwenye miguu myepesi.

GARI LISILO NA WANUNUZI

Mtu angedhani kwamba baada ya siku ile watu walimiminika kununua. Haikuwa hivyo. Waliolitazama walistaajabu, wakacheka, wakaenda zao. Gari lilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Halikuwa na paa. Injini yake yenye silinda moja ilikaa nyuma, chini ya kiti, na ilipigwa kwa kuzungusha gurudumu kubwa la chuma kwa mkono. Usukani haukuwa wa mviringo kama wa leo, bali mkono mdogo wa chuma. Watu waliuliza: Je, likiharibika njiani mbali na mjini, nani atalitengeneza? Litapanda mlima? Mama na watoto watalipanda bila hatari?

Maswali haya hayakuwa ya kijinga. Kila mtu anayetaka kununua gari hata leo huyauliza. Carl alikuwa fundi hodari, lakini hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mtu wa tahadhari, aliyependa kurekebisha hiki na kile kabla ya kutoka. Alilijaribu gari lake mjini na kando kando ya mji, akarudi nyumbani usiku kuchukua nyundo tena. Tarehe 1 Agosti 1888 wakuu wa serikali ya jimbo walimpa ruhusa ya maandishi ya kuendesha gari lake barabarani. Lakini karatasi ya ruhusa haiwezi kumwonyesha mnunuzi kwamba gari litafika liendako.

Bertha aliona jambo ambalo mume wake hakuliona. Aliona kwamba maswali ya watu hayajibiwi kwa nyundo, wala kwa maneno. Yanajibiwa kwa kwenda. Tena hayajibiwi kwa kwenda kwa fundi mwenyewe, maana kila mtu angesema kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza, na kwa hivyo analijua. Yangejibiwa siku ile ambayo mama wa nyumbani angelipanda na watoto, kwa shughuli ya kawaida ya jamaa, akafika.

ALFAJIRI YA AGOSTI

Likizo ya shule ilikuwa imeanza. Eugen alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na Richard kumi na mitatu. Bertha mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na tisa. Binti zake wawili, Clara na mdogo wake Thilde, walibaki nyumbani. Vijana hawa wawili walikuwa wamekulia katika karakana ya baba yao, na waliijua injini ile kama watoto wa mfugaji wanavyowajua ng'ombe wa boma lao.

Waliondoka alfajiri, Carl akiwa bado amelala. Hakuambiwa neno. Inasimuliwa kwamba walilisukuma gari mpaka mbali kidogo na nyumba ndipo wakaipiga injini, ili ngurumo isimwamshe. Si kwamba Bertha hakumheshimu mume wake. Alimjua sana. Alijua kwamba akimwomba ruhusa, jibu litakuwa ngojeni kwanza nitengeneze hiki. Na ngojeni ile ingekaa miezi, na fedha ya nyumbani ilikuwa haiwezi kungoja.

Njia ya kwenda Heidelberg ilikuwa tambarare, na gari likaenda vizuri. Mwendo wake, pale lilipokimbia sana, haukuzidi maili kumi kwa saa. Barabara zilikuwa za magari ya farasi, zenye mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu. Gari la Benz lilikuwa na gurudumu la tatu katikati, nalo lilipita juu ya mawe na mashimo ambayo magurudumu ya magari mengine hayakuyagusa. Basi waliokaa juu yake walitikiswa vya kutosha. Wanavijiji waliosikia ngurumo walitoka milangoni, wakaona gari linapita bila farasi, na mama amekaa humo na kofia yake kichwani kama mtu anayekwenda kanisani.

Tabu ya kwanza ilikuwa petroli. Gari halikuwa na tangi kama magari ya leo. Akiba yake ilikuwa ndani ya kabureta, kiasi cha galani moja tu. Na petroli haikuuzwa barabarani, kwa sababu hapakuwa na magari ya kuinunua. Mafuta yaliyotumiwa yaliitwa ligroini, nayo yaliuzwa katika maduka ya dawa, chupa ndogo ndogo, kwa kuondoa madoa katika nguo. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch, Bertha aliingia katika duka la dawa akaomba ligroini. Mwenye duka labda alidhani kwamba mama huyu amechafua gauni lake vibaya sana, maana hakutaka kichupa kimoja, bali alitaka yote iliyokuwapo. Duka lile linahesabiwa leo kuwa kituo cha kwanza cha petroli duniani, na mbele yake pamewekwa sanamu ya ukumbusho wa safari hiyo.

Tabu ya pili ilikuwa maji. Injini ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kutoka kama mvuke, kwa hiyo yalipungua kila walipokwenda mwendo usio mrefu. Walichota visimani, mitoni, na penye nyumba za wageni. Kazi hii ilikuwa ya vijana, na hapana shaka kwamba walibishana ni zamu ya nani, kama vijana wa kila nchi wanavyobishana.

PINI YA KOFIA

Katikati ya njia injini ilizima. Walitazama wakaona kwamba kijia cha kupitishia petroli kimezibwa na taka. Hapakuwa na fundi wa motokaa wa kuitwa, maana fundi wao alikuwa amebaki Mannheim. Bertha alichomoa pini ndefu aliyofungia kofia yake, akaipenyeza katika kijia kile, akakizibua. Gari likanguruma tena.

Walipokwenda mbele, waya wa umeme wa kuwashia moto katika silinda ukachubuka kwa kusuguana na chuma, na umeme ukapotea. Hapa palitakiwa kitu cha mpira au kitambaa cha kuufunika. Bertha hakusita. Alivua utepe wa kufungia soksi yake, akauzungusha juu ya waya, akaufunga. Mama wa heshima wa zamani zile asingependa kabisa utepe wa namna hiyo utajwe mbele ya watu, lakini barabara haina adabu hizo. Msomaji aliyepata kuona kiraka cha ngozi juu ya tairi, au bomba lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baisikeli, atakubali kwamba ufundi wa barabarani haukuanza jana.

Minyororo iliyozungusha magurudumu ya nyuma ilinyooka kwa kazi, ikalegea. Katika mji wa Bruchsal walimtafuta mhunzi, mtu aliyezoea kupigilia farasi viatu vya chuma, naye akawasaidia kuitengeneza.

Halafu ikaja milima. Nchi ya kuelekea Pforzheim si tambarare kama ya Mannheim. Injini yenye nguvu za farasi wawili watatu haikuweza kupanda na watu watatu juu yake. Mmoja akabaki ameshika usukani, na wengine wawili wakashuka wakasukuma. Mama na mwanawe waliinama nyuma ya gari, katika jua la Agosti, vumbi limewashika nyuso, wakalipandisha hatua kwa hatua.

Na mlima ukiisha kupandwa hapana budi kushukwa. Breki za gari zilikuwa vipande vya mti vilivyosugua magurudumu, na kwenye miteremko vikalika upesi. Kwa mama mwenye watoto wawili, hii ndiyo iliyokuwa hatari kubwa kuliko zote, maana gari lililozimika husimama, bali gari lisilo na breki halisimami. Katika kijiji cha Bauschlott alimwendea fundi viatu, akamwambia apigilie vipande vya ngozi juu ya mti ule. Ngozi ikashika vizuri kuliko mti mtupu. Hivyo dawa ya breki ilipatikana kwa fundi viatu, kwa shauri la mama wa nyumbani.

SIMU YA JIONI

Giza lilipokuwa likikaribia waliingia Pforzheim. Walikuwa wamechoka, wameungua jua, mikono imejaa mafuta. Bertha akampelekea mume wake simu ya maandishi kwamba wamefika salama.

Ni vigumu kwa mzazi kutofikiri habari za Carl siku ile. Ameamka, hakumwona mkewe, wala wanawe, wala gari. Kazi ya miaka mingi ya jamaa yake imetokomea kwa njia moja. Kwa kweli alishangaa na kuogopa, lakini kisha, kama alivyoeleza mwenyewe, alijivuna kwa siri. Na kwa kuwa fundi hubaki fundi, alitaka minyororo ya gari irudishwe upesi, maana aliihitaji kwa gari jingine alilokuwa akilitayarisha kwa maonyesho ya Munich.

Baada ya siku chache Bertha na wanawe walirudi Mannheim kwa gari lile lile, kwa njia nyingine. Jambo hili la kurudi lina maana kubwa. Gari lililofika mara moja laweza kusemwa kwamba limebahatika. Lililokwenda na kurudi limejaribiwa.

GIA YA MLIMA

Bertha hakurudi na sifa tu. Alirudi na orodha ya kasoro. Alimwambia mume wake kwamba gari linahitaji gia ya nguvu ya kupandia milima, ili mama asilazimike kushuka na kusukuma. Alimweleza habari za breki na ngozi. Alimweleza habari za waya na kijia cha petroli. Carl alikuwa mtu mwenye akili ya kusikiliza. Aliongeza gia. Mambo mengi ambayo dereva wa leo huyaona ya kawaida yalipatikana kwa njia hii. Aliyeteseka njiani alirudi akasema, na aliyeshika nyundo akasikia.

Katika maonyesho ya Munich, mwezi wa Septemba mwaka ule ule, gari la Benz lilipewa nishani ya dhahabu. Wanunuzi hawakuja wote mara moja, lakini walianza kuja, na wengi wa kwanza walitoka Ufaransa. Mwaka 1899 karakana ile iliyookolewa kwa mali ya bibi arusi ilitoa magari 572, na hapakuwa na kiwanda cha motokaa duniani kilichoipita.

Lingekuwa kosa kusema kwamba haya yote yalitokana na safari moja. Wako mafundi wengine waliotengeneza injini na magari zamani zile zile, na Carl angaliendelea na kazi yake hata kama mkewe angalibaki nyumbani. Lakini angalikwenda polepole, na wenye kudai hawaendi polepole. Safari ile iliwaonyesha watu jambo ambalo hakuna mchoro wala hotuba iliyoweza kulionyesha: kwamba motokaa si kichezeo cha fundi, bali ni chombo cha jamaa.

UZEE WAKE

Mtoto wa tano, Ellen, alizaliwa mwaka 1890. Mwaka 1903 Carl aliacha kazi ya kila siku katika kampuni aliyoianzisha, kwa kutopatana na wakuu wenzake. Mwaka 1906 akaanzisha kiwanda kingine pamoja na mwanawe Eugen katika mji mdogo wa Ladenburg, na Richard akajiunga nao baadaye. Kiwanda kiliitwa kwa jina la Benz na Wanawe. Hivyo vijana wale waliochota maji visimani na kusukuma gari mlimani walikuwa watu wazima wenye kutengeneza magari wao wenyewe. Elimu yao ilikuwa imeanza katika likizo ile ya shule. Mama yao angaliweza kuwaacha nyumbani kwa kuogopa kwamba wangeumia. Aliwachukua, akawapa kazi ya kweli, kazi ambayo ikiharibika wote watalala njiani. Mtoto aliyepewa amana ya namna hiyo hujifunza upesi kuliko aliyehubiriwa mwaka mzima.

Carl alikufa tarehe 4 Aprili 1929. Katika kitabu chake alikuwa amekiri mbele ya wasomaji wote kwamba siku ambazo chombo chao kilikuwa karibu kuzama, hapakuwa na aliyebaki naye ila mmoja, naye ni mkewe. Bertha aliishi miaka kumi na mitano zaidi. Aliyaona magari yakiongezeka kutoka moja hata kuwa mamilioni. Tarehe 3 Mei 1944, siku alipotimiza miaka tisini na mitano, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, ambako mume wake alisoma, kilimpa cheo cha heshima. Baada ya siku mbili, tarehe 5 Mei 1944, alifariki dunia katika nyumba yake huko Ladenburg.

Mwaka 2008 njia aliyopita ilitangazwa rasmi kuwa njia ya ukumbusho, na vibao viliwekwa ili wasafiri waifuate kutoka Mannheim hata Pforzheim na kurudi. Mwaka 2016 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la watu wa motokaa huko Marekani, ambamo jina la mume wake lilikuwamo tangu mwaka 1984. Heshima yake ilichelewa miaka thelathini na miwili baada ya ile ya mumewe. Lakini Bertha alikuwa amezoea kungoja, tangu siku ile aliposoma maneno ya baba yake katika Biblia.

Safari ni hatua, walisema wazee. Jamaa inapoingia katika gari alfajiri kwenda kumwamkia nyanya, baba akigombana na rejeta na mama akihesabu watoto na vikapu, yafaa wakumbuke kwamba hawafanyi jambo dogo. Hivi ndivyo motokaa ilivyoanza safari zake duniani. Na ikiwa gari litazima mlimani, watoto waambiwe washuke wasukume, wala wasinung'unike. Eugen na Richard walisukuma kabla yao, na mama yao alikuwa kando yao, akisukuma pia.